Siku ya Kukata Nepia

Mkulima wa Bungoma mwenye ng'ombe wawili na robo ekari ya nepia hukabiliwa na swali lile lile kila mvua zinapokolea: akate leo au angoje? Nepia imemfika kiunoni, majani ni mapana, shina ukilibana kwa kidole gumba linabonyea. Akikata leo atapata chakula kizuri lakini kichache. Akingoja hadi nyasi zimpite kichwa atafunga mizigo mingi zaidi, ila ng'ombe watachambua majani na kuacha mashina horini. Swali hilo huulizwa pia New Zealand, Finland, Oman na Shinyanga. Majibu ya huko hayafanani, na hakuna lililotolewa kwa ujinga. Kila moja limetokana na kitu ambacho watu wa mahali hapo wamepungukiwa nacho.

Sheria yenyewe ni moja duniani kote. Nyasi changa zina protini nyingi na nyuzinyuzi laini. Zikikomaa na kukaribia kuchanua, uzito huongezeka huku protini ikipungua, na mashina hujaa lignini, ile gundi ngumu isiyosagika tumboni. Nepia iliyotunzwa vizuri na kukatwa ikiwa na kimo cha mita moja hivi, yaani baada ya wiki sita hadi nane, huweza kuwa na protini ya asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake mkavu. Ikizeeka shambani hushuka chini ya asilimia 7, na hapo ndipo penye mpaka wa maana. Chini ya kiwango hicho vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe hukosa naitrojeni ya kutosha, chakula hukaa tumboni bila kusagwa, na mnyama hupunguza kula ingawa hori limejaa. Ndiyo maana mfugaji anaweza kubeba majani mengi kuliko jirani yake na bado akakama maziwa machache.

Kitale, mji jirani katika Trans Nzoia, umelishughulikia jambo hili tangu miaka ya 1950. Katika kituo cha utafiti wa nyasi mjini humo, mtaalamu wa mimea A. V. Bogdan alikusanya na kulinganisha nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha 1977 kuhusu mimea ya malisho ya nchi za joto. Aina za nyasi za Rhodes zilizochaguliwa wakati huo bado zina majina ya kwetu: Nzoia, Masaba, Pokot, Mbarara. Kampuni ya Kenya Seed nayo ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mbegu za malisho kwa walowezi. Mahindi chotara yaliyoipa sifa, kama H611 ya mwaka 1964, yalikuja baadaye. Wakazi wengi wa Trans Nzoia wanaoamini kwamba kampuni hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mahindi hushangaa kusikia hivyo.

Kati ya Kitale ya walowezi na Bungoma ya Wabukusu zilikuwapo mila mbili za malisho, ingawa Mlima Elgon unaonekana kutoka pande zote mbili. Mlowezi alikuwa na mamia ya ekari. Alipanda nyasi za Rhodes kwa mbegu, akalishia kwa miaka kadhaa, kisha akalima na kupanda mahindi juu ya udongo uliopumzika. Bungoma ardhi iligawanywa kwa wana na wajukuu, na malisho yakasogezwa pembezoni: kwenye mipaka ya shamba, kingo za makinga maji, kando ya barabara. Mila ya kwanza ilimpeleka ng'ombe kwenye nyasi, ya pili ikazileta nyasi kwa ng'ombe, na kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia mama au kijana mwenye panga na kamba. Hesabu yake si ndogo. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na kwa kuwa nepia mbichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, hizo ni kilo 60 za kubebwa kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Trans Nzoia yaligawanywa, na watafiti wa Kitale wakajikuta wanamhudumia mkulima wa aina nyingine kabisa. Kutokana na kazi yao pamoja na wakulima, mbinu ya tumbukiza ilipimwa na kuenezwa magharibi mwa Kenya. Huchimbwa shimo la duara lenye kina cha futi mbili na upana wa futi mbili hadi tatu. Udongo wa juu huwekwa upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Udongo wa juu huchanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyoiva, hurudishwa shimoni, na juu huachwa nafasi ya kiganja kimoja hivi ili maji yatuame na samadi ya baadaye ipate pa kukaa. Kisha hupandwa pingili tano hadi kumi. Kiangazi kinapoanza na nepia ya mistari ya kawaida ikageuka manjano, ile ya mashimo huendelea kuchipua kwa muda.

Wazo la kuchimba shimo lina ndugu mbali na karibu. Katika eneo la Yatenga nchini Burkina Faso wakulima huchimba zai, vishimo vifupi vyenye samadi vinavyokusanya mvua haba juu ya ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Yacouba Sawadogo aliyeviboresha na kuvieneza alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Na huko Mbinga, kusini mwa Tanzania, Wamatengo wana ngolo: hufyeka nyasi, huzilaza kwa safu zinazokatana mfano wa miraba, huzifunika kwa udongo, na kupanda maharage au mahindi juu ya matuta huku katikati ya kila mraba likibaki shimo la kupokea maji ya mteremko. Mashimo haya matatu yanafanana kwa umbo tu. Zai inapigana na ukame, ngolo inapigana na mmomonyoko, na tumbukiza inapigana na ufinyu wa shamba. Tena Umatengoni nyasi huzikwa ili zilishe udongo, ilhali Kitale udongo hulishwa ili ulishe nyasi. Kwa maoni yangu Wamatengo wana jambo la kutufundisha hapa. Kila mzigo wa nepia unaotoka shambani huondoka na naitrojeni na potasiamu, na shimo la tumbukiza lisiporudishiwa samadi kila baada ya kukatwa hubaki kuwa shimo tu.

Turudi kwenye siku ya kukata. New Zealand wamelijibu swali hili kwa kuhesabu majani. Nyasi yao kuu, raigrasi ya kudumu, hubeba takriban majani matatu hai kwa kila chipukizi. La nne likitokea, la kwanza hufa. Mfugaji hupita shambani, hung'oa chipukizi chache, huhesabu, na kuwaingiza ng'ombe kati ya jani la pili na la tatu. Mapema zaidi, mmea haujarudisha akiba yake. Baadaye zaidi, majani yanaoza chini bila kuliwa. Huwaondoa kabla hawajatafuna hadi kwenye shina, uzio wa umeme huhamishwa, na kipande hicho hupumzika. Huko ardhi ipo, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kilicho haba ni mikono ya watu. Kwa hiyo ng'ombe ndiye mundu wao.

Mfugaji wa Bungoma hahesabu majani. Hupima kwa mwili wake mwenyewe, goti, kiuno, bega. Kipimo hicho si dalili ya upungufu wa elimu, kwani kimo cha nepia hueleza ukomavu wake vizuri kuliko idadi ya majani. Jambo ambalo mila zote mbili zinakubaliana ni kisiki. Raigrasi huachiwa sentimita nne au tano, nepia sentimita kumi hadi kumi na tano, kwa sababu ile ile: chipukizi jipya huanza maisha kwa akiba iliyo kwenye kisiki na mizizi. Anayekata nepia usawa wa udongo leo amekopa kutoka kwa mavuno ya miezi miwili ijayo.

Katika kuilisha nyasi yenyewe njia zao ziliachana, na sasa zinaelekea kukaribiana. New Zealand walijenga ufugaji wao juu ya klova nyeupe, mmea wa malisho wa jamii ya kunde unaovuta naitrojeni kutoka hewani, kisha katika miongo ya karibuni wakaegemea mbolea ya yurea. Mito na visima vikachafuka, na tangu mwaka 2021 sheria inamzuia mfugaji kuzidisha kilo 190 za naitrojeni ya viwandani kwa hekta kwa mwaka. Trans Nzoia, kwa upande wake, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupokea, mwishoni mwa miaka ya 1990, kilimo cha kusukuma na kuvuta kilichobuniwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pamoja na taasisi ya utafiti ya Kenya na ile ya Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, nepia huzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza watoboao mabua ya mahindi, nepia huwavuta nje, mizizi ya desmodiamu huzuia gugu la striga lisishike mahindi, na majani yake ni chakula cha ng'ombe chenye protini inayozidi ya nepia kwa mbali. Klova ya New Zealand inafanya kazi mbili, desmodiamu na nepia za Kitale zinafanya nne katika shamba dogo. Hapa Kitale haina sababu ya kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Finland ni habari nyingine. Kule msimu wa kuota ni mfupi, majira ya baridi ni marefu, na nyasi hukatwa mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Katika mavuno ya kwanza ya Juni, kiasi cha nyasi kinachosagika tumboni hupungua kwa karibu nusu ya asilimia kila siku inayopita, kwa hiyo wiki moja ya kuchelewa huonekana kwenye ndoo ya maziwa hadi mwaka unaofuata. Ulazima huo ndio uliomsukuma mwanakemia Artturi Ilmari Virtanen kutafuta njia ya kuzuia saileji, yaani nyasi mbichi zilizofukiwa, isioze. Alizinyunyizia nyasi asidi ili ziwe chachu tangu saa ya kwanza, bakteria waharibifu wakashindwa kuishi humo, na mwaka 1945 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Ni nadra Nobel kutolewa kwa chakula cha ng'ombe.

Saileji ya Bungoma huifikia hali ile ile kwa mlango wa pili. Badala ya kumwaga asidi juu ya nyasi, mkulima huwalisha bakteria sukari ili watengeneze asidi wao wenyewe, na sukari hiyo ni molasi, mabaki mazito meusi ya viwanda vya sukari kama kile cha Nzoia. Nepia hukatwa ikiwa changa, huanikwa siku moja ipungue maji, hukatwakatwa vipande vya inchi moja, hunyunyiziwa molasi iliyochanganywa na maji, hushindiliwa ndani ya mfuko mrefu wa plastiki au shimo lililotandikwa nailoni, na hufungwa hewa isiingie. Kushindilia ndiko kazi yenyewe. Pale penye mfuko wa hewa ndipo ukungu unapoanzia. Baada ya wiki sita hivi mfuko ukifunguliwa, saileji njema ina rangi ya kijani inayoelekea manjano na harufu ya uji uliochachushwa. Iliyoharibika ni nyeusi, inateleza mkononi, na harufu yake haimwachi mtu na shaka.

Kuna saileji nyingine inayosifiwa sana Kitale, ya mahindi yaliyokatwa punje zikiwa bado na maziwa. Uholanzi au Wisconsin hakuna anayeulizwa kwa nini anamkatia ng'ombe mahindi mabichi. Kitale mkulima hujiuliza, kwa sababu mahindi yale ni ugali wa watoto na ada ya shule. Wengi huamua kuvuna punje Oktoba au Novemba na kumpa ng'ombe mabua, ambayo protini yake ipo chini kabisa ya ule mpaka wa asilimia 7. Kwa wataalamu wa lishe uamuzi huo ni hasara. Kwa mwenye shamba la ekari mbili ni mpango wa nyumba, na wanaomshauri wanapaswa kuanzia hapo.

Shinyanga, nchini Tanzania, hawakufungia nyasi ndani ya kitu chochote. Wasukuma walizihifadhi zikiwa zimesimama. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, likiwa mali ya familia au ya kijiji, na dagashida, baraza la jadi, likimtoza faini anayeingiza mifugo kabla ya wakati. Mila hiyo ilidhoofika, kisha ikahuishwa na mradi wa HASHI kuanzia 1986 hadi 2004, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudishiwa miti na nyasi. Kaskazini mwa Kitale, huko Chepareria katika Pokot Magharibi, wafugaji walianza mwaka 1987, wakisaidiwa na shirika la Vi la Uswidi, kuzungushia ardhi iliyochoka uzio hai na kuiacha ipone. Nyasi ya ngitili mwezi wa Agosti ni kavu na hafifu. Mtaalamu wa Finland angeikataa. Lakini lengo lake ni kumvusha ng'ombe wa kienyeji hadi mvua ijayo akiwa hai, na kwa lengo hilo inatosha. Kilichohesabiwa huko ni uhai wa kundi, na nyasi iliyozeeka ikiwa imesimama haihitaji nailoni wala mashine.

Kwa Oman nitasema machache. Chini ya mitende, majani ya lusini humwagiliwa kwa maji ya falaj, mfereji wa jadi, ambayo kila mwenye haki huyapata kwa zamu iliyopimwa kwa athar, muda wa nusu saa hivi. Hukatwa karibu kila mwezi, maana joto halikosekani. Nyasi za Rhodes kutoka nyanda zetu nazo zimestawi huko kwa maji ya visima, na katika pwani ya Batina maji yaliyovutwa kupita kiasi yamekaribisha chumvi ya bahari. Kwa hiyo robota la nyasi kavu la Oman ni maji yaliyofungwa kwa kamba. La Kitale ni mvua ya bure, na mara nyingi huachwa likaoza shambani.

Nyasi zetu zimesafiri mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1930 mbegu za brakiaria zilipelekwa kutoka Uganda hadi Australia, zikawa aina ya Basilisk, na baadaye zikafunika mbuga za Brazil. Marandu, iliyotolewa na Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Brazil, mwaka 1984, asili yake ni Zimbabwe. Xaraés ya mwaka 2003 asili yake ni Burundi. Ng'ombe wa Brazil, mojawapo ya makundi makubwa kabisa duniani, wanakula majani ya Afrika. Katika muongo wa 2010 aina hizo zilirudishwa Kenya na taasisi za utafiti za KALRO na ILRI, na zimependwa kwa wingi wa majani na uvumilivu wa ukame, ingawa nyumbani zimekutana na maadui wa zamani: Mulato II, kwa mfano, hushambuliwa na utitiri mwekundu.

Brazil na Bungoma zimelipia kosa moja kwa sarafu tofauti. Brakiaria nyingi hutoa mbegu bila yai kurutubishwa, kila mche ni nakala ya mama yake. Brazil ilipanda nakala hizo za Basilisk kila mahali, na wadudu wa mate walipoishambulia malisho yakakauka kwa eneo kubwa. Nepia nayo hupandwa kwa pingili, nayo ni nakala. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa kudumaa ulionekana Bungoma, kisha ukaenea magharibi mwa Kenya. Shina lililougua huchipua vizuri mara ya kwanza. Baada ya kukatwa hutoa vichipukizi vingi vyembamba vyenye vijani vidogo vya manjano, kichaka kifupi kisichojaza hata kamba moja. Chanzo ni fitoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli, anayesambazwa na mdudu mdogo arukaye majanini na kwa pingili zenyewe. Desturi njema ya kumpa jirani pingili bure ndiyo iliyoubeba ugonjwa kutoka boma hadi boma. Desturi hiyo haifai kufa, ila anayetoa pingili azitoe kwenye shina alilolitazama likichipua upya baada ya kukatwa, na shina lenye dalili ling'olewe na mizizi yake.

Basi mfugaji wa New Zealand hupanga siku yake kwa kazi, wa Finland kwa majira, wa Oman kwa maji, Msukuma kwa kiangazi. Wa Bungoma na Kitale hupanga kwa ardhi na pia kwa hofu ya Januari, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya aache nepia izeeke: shamba lenyewe ndilo ghala lake. Kumwambia akate mapema bila kumpa ghala lingine ni kumwomba abaki bila kitu kiangazi kikifika. Ghala hilo lipo, nalo ni mfuko wa saileji, robota la nyasi za Rhodes lililofungwa kabla ya kuchanua, na kipande cha desmodiamu. Fedha za malisho za kaunti hizi mbili zianzie kwenye mashine za kukatakata majani za vikundi, molasi na nailoni, na zifike vijijini kabla ya Juni, nepia ikiwa bado kiunoni.